Nyumba Yangu, Shamba la Mtu: Kutoka Tanga hadi Ng'ambo Tatu za Mombasa

Ukitoka Tanga kwa basi la Mombasa, mpaka wa Horohoro hauna mto wala mlima wa kukuonyesha kwamba nchi moja imeisha na nyingine imeanza. Minazi ni ileile. Kidigo cha Duga ndicho cha Lungalunga, na ni nadra kumkuta mzee wa upande mmoja asiye na shangazi au mjomba upande wa pili. Kinachobadilika ni sheria ya ardhi. Kwetu hakuna anayemiliki ardhi milele. Ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na mimi na jirani yangu tuna haki ya kuitumia. Ukishapita kizuizi, raia wa Kenya aweza kuwa na ekari mia kwa hati isiyo na mwisho, akazirithisha, akahamia mbali, asizikanyage maisha yake yote, na bado zikawa zake.

Nilikwenda kuona sheria hizo mbili zinavyokaa katika maisha ya watu. Kisiwa cha Mombasa kimeandikwa sana, kwa hiyo nilikipita. Nilitaka ng'ambo tatu zinazokizunguka: Likoni kusini, Kisauni kaskazini na Changamwe magharibi. Huko ndiko waliko watu wengi, na huko swali la mwenye ardhi huulizwa barazani, sokoni na mahakamani.

Lazima nianze na karatasi, maana kila mzee niliyezungumza naye alianza nazo.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana wao kwa wao kwamba himaya ya Sultani wa Zanzibar huku bara ni ukanda wa maili 10 kutoka ufukweni, kuanzia ghuba ya Tungi hadi Kipini. Sultani Barghash aliletewa maneno yaliyokwisha kuamuliwa, akayakubali. Watu wa Vumba, Mtwapa au Pangani hawakuulizwa kabisa. Kisha ukanda ukakatwa. Kipande cha kusini, kilicho chetu, Wajerumani walikinunua mwaka 1890 kwa mark milioni 4. Cha kaskazini Waingereza walikipanga: kwanza kupitia kampuni yao, Imperial British East Africa Company, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, na kampuni iliposhindwa, serikali yenyewe ikaingia mwaka 1895 kwa mkataba na Sultani Hamad bin Thuwaini, na kodi ikawa inalipwa Zanzibar kila mwaka.

Kuuzwa na kupangishwa si jambo moja, na sijui kwa nini vitabu vyetu vya shule hupita hapo haraka. Kilichouzwa kilimtoka Sultani moja kwa moja. Kilichopangishwa kilibaki na jina lake, na bendera yake nyekundu iliendelea kupepea Fort Jesus mpaka Desemba 1963. Bara ya Kenya iligeuzwa koloni mwaka 1920, lakini mwambao ulibaki nchi ya kulindwa, na pamoja na bendera zililindwa miliki zote zilizotambuliwa chini ya kivuli chake. Wadigo wa ukoo mmoja wakajikuta wawili: hawa wa serikali iliyonunua, wale wa serikali iliyopanga. Hata Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyewainukia Waingereza mwaka uleule wa mkataba, alipozidiwa mwaka 1896 alivuka kuja upande wetu akajisalimisha kwa Wajerumani.

Lakini pigo kubwa kwa mtu wa kawaida lilikuja baadaye kidogo. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika mwambao wa Kenya. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: yeyote anayedai ardhi katika ukanda ule aende mbele ya msajili, alete ushahidi, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wenye khati za kadhi, wenye mawakili, wenye fedha za kumlipa mpimaji, walikwenda. Mdigo au Mgiriama ambaye ushahidi wake ulikuwa mkwaju wa babu na makaburi chini yake, hakuwa na la kuandikisha, kwa sababu sheria ilitaka mwenye mali awe mtu mmoja mwenye jina, na ardhi yake ilikuwa ya ukoo. Na yule aliyeachwa huru mwaka mmoja kabla angeleta hati gani? Alibaki kulima palepale alipokuwa akilima, sasa akiitwa skwota.

Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, walikuwa na ujirani wao na Wamijikenda kabla ya haya yote. Wakilindini waliambatana na Wadigo, nao Wajomvu wakaambatana na Warabai. Walipatana juu ya biashara, vita na mahali pa kukaa. Mapatano hayo hayakuwa na muhuri, na msajili wa 1908 hakuwa na safu ya kuyaandika.

Likoni nilifika kwa njia ya Ukunda na Kombani, si kwa feri. Ukimwambia dereva wa tuktuk "Waitiki" hatakuuliza ni nani, atakuuliza ushukie sehemu gani, maana jina la mwenye shamba limeshakuwa jina la mtaa. Shamba lilikuwa la ekari 930, na leo lina maduka, madrasa, shule, na nyumba za mawe zilizobanana na za udongo.

Habari yake haiwezi kusimuliwa bila Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 vijana walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua bunduki. Siku zilizofuata walioandamwa walikuwa watu wa bara: Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya. Waliouawa walizidi mia moja, na makumi ya maelfu walihama. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza machafuko hayo pamoja na mengine ya miaka hiyo. Vijana walikuwa wamekula kiapo kwenye msitu wa Kaya Bombo, na maneno waliyolishwa yalikuwa ya ardhi na ajira: wenyeji hawana, wageni wanazo. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na wanasiasa walijua kidonda kilipo. Nasema wazi: fundi wa Kiluo aliyepanga chumba kimoja Likoni hakuwa amemnyang'anya Mdigo shamba. Hakuweko mwaka 1908, wala babu yake hakuweko. Dhuluma ya zamani ilitumiwa kufanya dhuluma mpya kwa mtu asiyehusika, na mpaka leo wapo waliopoteza nyumba zao mwaka ule ambao hakuna anayewataja wakati wa kugawa hati.

Ni katika machafuko hayo shamba la Waitiki lilipoingiwa na watu, na mwenye hati akaondoka. Amri za mahakama zilikuwa upande wake, lakini watu walikuwa wameshajenga. Mwishowe serikali ilinunua shamba kwa zaidi ya shilingi bilioni moja, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta alianza kugawa hati kwa wakaazi, kwa sharti la kurejesha fedha kwa awamu.

Nilikaa na mzee mmoja kwenye baraza la duka lake. Alipojua natoka Tanga, akawa yeye ndiye muulizaji.

"Kwenu hati atoa nani, mwanangu?"

Nikamweleza, "Kijijini, mzee, halmashauri ya kijiji inaweza kukupa hati ya haki miliki ya kimila. Mjini ni wizara."

"Na serikali ikilitaka shamba?"

"Inalichukua kwa maslahi ya umma. Sheria inataka ikulipe fidia."

Akatikisa kichwa. "Basi nanyi muna bwenyenye. Ila wenu ni mmoja."

Maneno hayo nimeyabeba kila nilipokwenda, kwa sababu yana ukweli ambao sisi wa upande wa kusini hatupendi kuutazama. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta umilikaji wa ardhi wa milele, ikageuza hati hizo kuwa za muda chini ya serikali. Kwa tendo hilo moja, mwenye shamba asiyeonekana alikwisha. Mtu wa Muheza hamlipi kodi ya kiwanja tajiri aliyeko ng'ambo. Mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa, Rais aweza kufuta hati zake, na yapo yaliyofutwa yakarudi kwa wanavijiji. Hayo ni mema makubwa. Lakini mwaka 2022, pale Loliondo, serikali hiyohiyo iliweka mawe ya mipaka kwenye malisho ya Wamasai, na waliolia kwamba ni ardhi ya vijiji vyao walikabiliana na askari. Mdhamini akigeuka, unamshitaki kwa nani?

Ukipita Waitiki, kuelekea Mtongwe na Mbuta, kuna jambo lingine linalokuja kwa kasi. Dongo Kundu imetengwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi wa takriban ekari 3,000, pamoja na barabara ya kukwepa kivuko na gati mpya. Wanaoishi huko wamekuwa wakidai fidia kwa makazi, mashamba na minazi. Serikali inasema ardhi ni ya umma, wao wanasema walizaliwa hapo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 40, inaruhusu fidia kwa waliokaa kwenye ardhi kwa nia njema hata kama hawana hati. Ni kifungu kizuri kuliko chochote nilichokikuta katika sheria za zamani. Udhaifu wake ni kwamba kinaruhusu tu, na mtu aliyeruhusiwa kulipa hupata sababu nyingi za kutolipa.

Nikavuka kivuko, nikapita kisiwani, nikapanda daraja la Nyali. Mbele kidogo, penye njia panda, ipo kengele iliyoning'inizwa kwenye mnara wake, na mahali hapo panaitwa Kengeleni. Ni kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisheni wa Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa kwenye majahazi. Walifundishwa kusoma, useremala, dini. Lakini ardhi ilinunuliwa kwa jina la misheni. Hata aliyekombolewa, katika mji huu, aliwekwa juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Kisauni ndiko nilikokaa zaidi, kwa sababu huko kuna desturi ambayo kwetu haipo, nayo ndiyo ufunguo wa mambo mengi. Wanaiita nyumba bila shamba. Mwenye ardhi anakata viwanja na kuvipangisha. Mpangaji anajenga nyumba yake kwa fedha zake. Nyumba ni yake kabisa: aweza kuiuza, kuirithisha, kupangisha vyumba. Kila mwezi au kila mwaka anamlipa mwenye shamba kodi ya ardhi. Makubaliano mengi ni ya mdomo, au ni kijikaratasi kilichoshuhudiwa na mzee wa mtaa. Zamani wenye mashamba wengi walikataza nyumba za mawe, ili aliyejenga asipate mizizi, na ndiyo maana mitaa ya zamani ilikuwa ya udongo na makuti.

Mama mmoja wa Kisauni, muuza viazi vya karai, alinionyesha nyumba yake ya vyumba sita. "Kila tofali nimenunua mimi, mwanangu. Mume wangu alifia humu. Nyumba yangu, shamba la mtu." Nikamuuliza huyo mtu ni nani. Akasema anamjua anayekuja kukusanya kodi, mwenyewe hajapata kumwona, na mamake pia hakumwona. Risiti za mamake alikuwa amezihifadhi kwenye mkebe wa biskuti, nyingine zimeliwa na mende. Kilichomtia hofu ni habari kwamba shamba limeuzwa. Mnunuzi mpya akija, yeye atakuwa na nyumba isiyo na pa kusimama.

Hapa sheria ya Kenya ina mlango, na mlango huo una mtego. Aliyekaa kwenye ardhi ya mtu kwa miaka 12, waziwazi, bila kuruhusiwa na mwenyewe, aweza kwenda mahakamani aandikishwe kuwa mmiliki. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi ilithibitisha kwamba kanuni hiyo haipingani na Katiba. Watu wengi wa Pwani wamepata ardhi kwa njia hiyo. Lakini angalia maneno "bila kuruhusiwa". Aliyelipa kodi ameruhusiwa. Risiti zile za mkebeni, zinazothibitisha kwamba ukoo wake umekuwa pale tangu zama za Waingereza, ndizo pia zitakazomwambia hakimu kwamba yeye ni mpangaji. Mvamizi wa miaka 12 ana kesi, mpangaji mwaminifu wa miaka 60 hana. Na dhidi ya ardhi ya serikali kanuni hiyo haifanyi kazi kabisa. Sikuweza kumweleza mama huyu jambo hilo kwa namna yoyote iliyosikika kuwa haki, kwa sababu si haki.

Sikutoka Kisauni na huzuni tupu, hata hivyo. Viwanja vya huku vimesajiliwa kwa herufi MN, vya Likoni kwa MS, na kimoja cha MN, pale Nyali ufukweni, kimebadilisha fikra za wanasheria wa nchi nzima. Kilikuwa nafasi ya wazi ya umma kuelekea baharini. Mwaka 1989 kiligawiwa kwa Rais wa wakati huo, kikauzwa, kikauzwa tena, na kampuni iliyokinunua mwisho ikazungushia ukuta. Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikauvunja mwaka 2017 ili watu wafike pwani. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, na Aprili 2023 majaji wakasema kwamba hati peke yake haitoshi. Lazima uonyeshe ilivyozaliwa, na kama ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, mnunuzi wa mwisho hana cha kulindwa, hata angekuwa na nia safi.

Nilisoma hukumu hiyo nikajiuliza: kama mzizi wa hati ya 1989 waweza kuchimbuliwa, mbona mizizi ya 1908 isichimbuliwe? Jibu la kisheria lipo, nalo linatupeleka Oktoba 1963.

Miezi ile ilikuwa ya joto. Kulikuwa na chama cha Mwambao kilichotaka ukanda wa pwani ujitawale au urudi kwa Sultani. Kulikuwa na chama cha KADU cha Ronald Ngala kilichotaka majimbo. Sir James Robertson alikuwa ameshatumwa mwaka 1961, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua. Sultani angeuachia ukanda siku ya uhuru wa Kenya. Kenya nayo ingelinda uhuru wa ibada, mahakama za makadhi, na mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu. Na lipo la ardhi: hati za umiliki wa milele zilizokwisha kusajiliwa pwani zitatambuliwa, usajili utaendelea, na ardhi ikihitajika kwa manufaa ya umma mwenye hati atalipwa fidia kamili.

Isome tena ahadi hiyo ukiwa umesimama Mtopanga, huko Kisauni, au Likoni. Inamlinda mwenye hati. Haimtaji aliyekuwa akiishi juu ya ardhi hiyo, hata kwa neno moja. Ya makadhi nayaheshimu, yalilinda kitu cha thamani kwa Waislamu wa pwani na mpaka leo yamo katika Katiba. Lakini la ardhi liligandisha kazi ya msajili wa 1908 na kuikabidhi nchi huru. Miezi michache baadaye Zanzibar ilipinduka, na tarehe 8 Machi 1964 Abeid Karume akatangaza ardhi yote kuwa ya serikali, kisha wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Kwa hiyo mtu wa Unguja aliyekuwa akilima chini ya mikarafuu ya bwana alipata eka zake, na ndugu yake wa Kisauni, raia wa Sultani yuleyule, akabaki mpangaji chini ya ahadi iliyoandikwa kwa jina la Zanzibar ambayo Zanzibar yenyewe haikuishika tena. Sisifu kila kilichofanyika Unguja, damu iliyomwagika huko haisifiwi. Nasema tu kwamba ramani moja ilizaa watu watatu: wa Tanga, wa Unguja na wa Mombasa, na wa Mombasa ndiye aliyeachwa na kodi ya mwenye shamba.

Hasira iliyokaa chini muda mrefu ilipata jina lake mwaka 1999, lilipoanzishwa kundi la Mombasa Republican Council, MRC, lenye kauli ya "Pwani si Kenya". Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliondoa marufuku hiyo. Ulienea usemi kwamba mkataba wa 1963 ulikuwa wa miaka 50, kwamba mwaka 2013 ungeisha na pwani ingejirudia. Hakuna muda wa namna hiyo kwenye barua zile. Usemi ulikuwa wa uongo, na ulienea kwa sababu watu walikuwa na haki ya kutafuta siku ya mwisho ya jambo lisilo na mwisho.

Changamwe nitaipitia haraka, ingawa Wachangamwe ni mojawapo ya Thelatha Taifa, mataifa matatu kati ya yale kumi na mawili, pamoja na Wakilindini na Watangana. Hapa mwenye shamba mkubwa ni serikali na mashirika yake. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896, ikapita hapa. Ukaja uwanja wa ndege, kiwanda cha kusafishia mafuta, mitambo ya umeme ya Kipevu, na mwaka 2017 kituo cha treni mpya cha Miritini. Kila mradi ulihitaji ekari, na kila mara walioshika hati walilipwa kwanza. Niliuona wazi upande ule ambao mzee wa Likoni alinikumbusha: mwenye shamba akiwa serikali, mtu wa chini hana wepesi zaidi.

Hata hivyo, ng'ambo hii ina ushindi mmoja wa kukumbukwa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, karibu na Mikindani, watu wengi hawana hati. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatilia sumu ya risasi hewani, majini na kwenye damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama ya ardhi na mazingira iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikawaunga mkono. Hakuna aliyewauliza kwanza hati za viwanja vyao. Kukaa kwao kulitosha kuwapa haki ya kutouawa walipokaa. Kwangu hiyo ni hatua kubwa.

Nchi nyingine zimepita njia hii, na zinafaa kupimwa. New Zealand machifu wa Wamaori walitia saini mkataba wa Waitangi mwaka 1840 kwa mikono yao. Ulivunjwa mara nyingi, lakini mwaka 1975 liliundwa baraza la kusikiliza madai, na miaka kumi baadaye likapewa uwezo wa kurudi nyuma hadi 1840. Baraza hilo bado lipo. Kenya yenyewe iliwahi kuwa na mikataba iliyotiwa saini na wenyeji: Wamasai mwaka 1904 na 1911. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 kulalamika kwamba wamehamishwa Laikipia, waliambiwa kwamba mikataba ile ni ya dola na dola, mahakama haiwezi kuigusa. Waogiek walisubiri hadi Mei 2017 ndipo Mahakama ya Afrika, kwetu Arusha, ikawapa haki ya msitu wa Mau, na fidia ikaamuliwa Juni 2022. Watu wa ng'ambo za Mombasa hawana hata saini iliyovunjwa ya kuonyesha. Karatasi zao zote zilitiwa saini na wengine.

Sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi, kifungu cha 15, inasema dhuluma ya kihistoria ni ile iliyotendeka kati ya tarehe 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010. Sheria ya 1908 na barua za 1963 zimo ndani ya muda huo. Lakini marekebisho ya 2016 yaliweka miaka 5 tu ya kuwasilisha madai. Miaka 5, kwa jambo la zaidi ya karne, kwa watu ambao ushahidi wao uko vichwani mwa wazee! Kwa Waitangi, madai ya zamani yalipokewa kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi mwaka 2008. Hukumu yangu ni kwamba dai la ardhi la mwambao lapaswa kuwa na baraza lisilo na tarehe ya kufunga mlango, na lisikilize kwa Kiswahili na Kidigo. Kununua shamba mojamoja kwa mwenye hati na kuwatoza waliomo ni kulipa mara mbili kosa ambalo hawakulitenda, na kila uchaguzi utaleta Waitiki nyingine.

Wakati baraza hilo halijaundwa, nina ombi kwa wasomaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe, hasa vijana waliosoma sheria na historia. Kaeni na wazee wenu mwandike majina ya makaburi, visima na mikwaju, na mwaka kila ukoo ulipofika. Pigeni picha risiti zote za kodi ya ardhi kabla hazijaoza, maana baraza la dhuluma za kihistoria litahitaji ushahidi huo hata kama hakimu wa leo anautumia dhidi yenu. Andikeni pia majina ya majirani wa bara waliofukuzwa mwaka 1997. Na anayekuja kukusanya kodi mwisho wa mwezi, mwambieni awaonyeshe hati, na jinsi ilivyozaliwa.